Maski Ishirini na Nne

Majengo ya Zamani,
Serengeti.
14 Juni 1993

Baba mdogo, shikamoo.

Naamini barua hii inakukuta hapo Nkende mkiwa wazima, macho yako hayakusumbui sana, na mama mdogo mguu umeanza kukanyaga vizuri. Mimi sijambo, ila mafua hayaishi, na hayo mafua ndiyo yamenifanya nichukue kalamu.

Najua uliambiwa niko Mugumu mjini, nauza chakula. Nilikuwa huko mpaka Machi. Sasa niko huku kwenye machimbo, kwenye ule mgodi wa Wazungu ambamo wewe na marehemu baba mlifanya kazi. Rashi ya dhahabu imefika na watu wamejaa. Vilima vyote vimetobolewa mashimo wanayoyaita maduara, kila duara lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamume. Wanawake tunapewa kupepeta mawe yaliyokwisha kupepetwa.

Lakini majengo yenu ya zamani yalikuwa hayajaguswa. Watu wanayaogopa, wengine wanasema yana mashetani. Mimi nikakumbuka baba alivyokuwa akisema kwamba sakafu ya kile kinu cha kusagia mawe inameza dhahabu kuliko mfuko wa meneja. Nikamfuata mwenyekiti wa machimbo, nikamwomba atupe majengo sisi wanawake watano, tukwangue vumbi la sakafuni na la ukutani, tulioshe. Akacheka, akatupa.

Siku ya kwanza tulifagia tukiwa tumejifunga khanga puani. Ndani kuna popo, na mavi yao yamefika kwenye vifundo vya miguu. Chini ya hayo mavi kuna vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo. Tulipotoka, khanga zilikuwa zimeganda na ndani ya pua kulikuwa kweupe. Verdiana, mwenzangu, alikohoa mchana kutwa, kesho yake akapata homa ya siku nne. Tumesimamisha kazi.

Kwa hiyo nauliza, baba mdogo: nyinyi mlikuwa mnavaa nini? Mtu anayeingia kwenye jengo kama hili afunike pua na kitu gani? Hapa kila mmoja anasema lake. Mmoja anasema khanga mbili zilizolowekwa, mwingine anasema pamba, mwingine ameleta nepi ya mtoto. Wewe ulikuwa na kazi ya maana pale na ulikuwa unasoma. Tutafutie hapo Tarime kitu kinachofaa, nasi tutakutumia hela kwa dereva wa lori la mahindi.

Tafadhali usimwambie mama. Akisikia mgodi huu hatalala. Nataka nipate tofali za kumjengea kule Turwa. Ana miaka ishirini na mitano anapanga chumba, tangu ukoo ulipomfukuza Itiryo kwa kusema amemroga baba. Nyumba yake mwenyewe hakuna atakayemfukuza.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Nyangi


Nkende,
Tarime.
23 Juni 1993

Mwanangu Nyangi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mguu wa mama yako mdogo una siku mbaya na siku nzuri. Mimi macho ni yale yale. Mvua imekata mapema na maharage yamedumaa.

Barua yako niliisoma mara mbili. Nisingependa uwe pale, lakini wewe si mtoto, na umeuliza swali linalojibika, basi nitalijibu.

Khanga haisaidii. Khanga inazuia vumbi unaloliona. Linaloua ni lile usiloliona, linalobaki hewani baada ya wewe kumaliza kufagia na kukaa chini kupumzika. Hilo linapita kwenye nyuzi kama maji kwenye chekeche. Ukiloweka khanga unaongeza kubanwa pumzi tu.

Nilikwenda kwa Faridu, fundi wa kupiga rangi magari karibu na stendi. Ni kijana mkweli. Yeye anavaa maski kila siku kwa sababu ya rangi, na anauza pia. Alinitolea aina nne, akazipanga kwenye boneti ya Land Rover.

Ya kwanza ni ya karatasi nyembamba, ina kamba moja. Faridu alisema hiyo ni ya kufagia duka. Tuliiacha.

Ya pili ni ya karatasi nene, imevimba kama kikombe, ina kamba mbili, moja ya kupita juu ya masikio na nyingine shingoni, na kipande cha bati cha kubana juu ya pua. Hiyo inafaa kwa vumbi, lakini ikilowa au ukianza kuvuta hewa kwa shida, unaitupa. Usiikung'ute ukaivaa tena.

Ya tatu ni ya mpira, inafunika pua na mdomo, ina vikombe viwili vya chujio mashavuni. Hiyo ndiyo bora. Faridu alikuwa nazo mbili tu.

Ya nne ilikuwa ya jeshi, ya uso mzima, ina vioo vya macho na mkonga. Ilikuja kwa njia ya Sirari. Niliona watu wawili wanaililia pale kwa sababu inatisha. Niliigeuza nikasoma tarehe kwenye chujio, ilikuwa na miaka thelathini. Nikamwambia Faridu, "Hii usimuuzie mtu." Akasema, "Mzee, mimi nilidhani naiuza kwa ajili ya ngoma." Chujio lina umri wake. Likiisha, umevaa mpira tu.

Nimekutumia hizo mbili za mpira, machujio ya akiba, na boksi moja la zile za kamba mbili. Sasa sikiliza namna ya kuzitumia.

Ukishavaa ya mpira na kukaza mikanda, ziba vikombe vyote viwili kwa viganja, vuta pumzi. Mpira ukinyonywa usoni na kubaki hapo, iko sawa. Ukisikia hewa inaingia pembeni, kaza au mpe mwenzako mwenye uso unaoenea. Hakuna maski nzuri kwenye uso usiokubaliana nayo.

Kabla ya kukwangua, nyunyizeni maji, polepole, bila kurusha. Mavi ya popo yakiwa makavu ni mabaya kuliko vumbi. Yaliyolowa yanakaa chini. Msifagie, zoeni kwa koleo.

Paa la kinu si bati, ni asbesto. Msilivunje wala kulikata, hata kipande kilichoanguka. Kiacheni.

Chumba cha kuyeyushia, kile chenye bomba refu la moshi, msiingie kabisa. Kuna zebaki kwenye matofali. Zebaki inatoa mvuke, na haya machujio ni ya vumbi na rangi. Faridu aliniambia chujio la zebaki ni jingine na hapa Tarime halipo. Nyumba ndogo nyuma ya kinu ni stoo tu, haina kitu, msijisumbue nayo.

Hela msitume. Nimelipa.

Baba yako mdogo,
Kisyeri


Majengo ya Zamani,
Serengeti.
8 Julai 1993

Baba mdogo, shikamoo, na mama mdogo mwambie namwamkia.

Mzigo ulifika salama na tumeanza kazi tena. Verdiana amepona, ila akipanda kilima anasimama njiani.

Tulijaribu kuziba kwa viganja kama ulivyosema. Kwangu mpira ulinyonywa vizuri. Kwa Verdiana uso ni mwembamba, hewa ilipita chini ya kidevu, tukampa ile ya kamba mbili, na ya mpira ikaenda kwa mwenzetu mwenye mashavu. Wawili wa mpira ndio tunaokuwa ndani, wengine wanapokea ndoo mlangoni. Tukihesabu ndoo kumi tunatoka, tunanawa uso, tunavua, tunapumzika mbali na jengo. Wanaume wa maduara wanatucheka. Wanatuita nguruwe pori. Hatujali, kwa sababu nikipenga kamasi sasa ni kamasi tu.

Maji nayo yamesaidia. Dhahabu ipo, baba alisema kweli. Si nyingi, lakini kila jioni karai haliko tupu.

Sasa nikueleze jingine. Tulihitaji mahali pa kufungia vifaa, maana vinaibwa. Kile kijumba cha nyuma kina mlango wa chuma na kufuli, kizima kabisa. Najua ulisema hakina kitu. Tulikata kufuli juzi.

Ndani hakuna vumbi. Popo hawakupata pa kuingilia. Kuna meza, kuna kiti, kuna sanduku la mbao. Ndani ya sanduku kuna makopo ya bati, ishirini na nne. Nilifungua moja, ikatoka maski ya mpira kama hizi ulizotuletea, ila ya zamani, imepakwa unga mweupe ili isigande. Nikafungua la pili, la tatu. Tulifungua yote. Kwenye vifuniko pameandikwa 1954.

Ukutani kuna ubao wenye misumari, na juu ya kila msumari pamepakwa jina kwa rangi nyeusi. Majina ishirini na nne. La saba ni la baba, Mogesi. La nane ni Waitara, yule binamu yake baba aliyemfuata kaburini mwaka mmoja baadaye.

Nilisoma jina la baba kwa sauti na Verdiana akaja kuangalia. Yeye ndiye aliyeona, si mimi. Alishika maski moja akavuta mkanda wake, akasema, "Huu haujawahi kuvutwa na mtu. Angalia, bado una mikunjo ya kiwandani." Tukaangalia zote. Zote ndivyo zilivyo.

Nakumbuka baba akirudi nyumbani likizo. Kope zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa akijifunga shuka puani.

Je, tunaweza kuzivaa hizi? Na kwa nini ni mpya?

Mwanao,
Nyangi


Nkende,
Tarime.
14 Julai 1993

Mwanangu Nyangi,

Hatujambo. Nashukuru Verdiana amepona. Akisimama njiani kila akipanda, apelekwe hospitali apigwe picha ya kifua.

Hizo maski msizivae. Mpira wa miaka thelathini na tisa unapasuka kwenye mikunjo hata kama kwa macho unaonekana mzima, na machujio ya wakati ule hayajulikani yalijazwa nini. Zirudisheni kwenye makopo.

Habari ya majina ukutani, ulikuwa utaratibu wa kampuni. Walikuwa na taratibu nyingi.

Mgodi ulifungwa mwaka 1961. Ni zamani.

Baba yako mdogo,
Kisyeri


Majengo ya Zamani,
20 Julai 1993

Baba mdogo, shikamoo.

Nimeipata barua yako. Ni fupi.

Nitakuandikia ninachokumbuka mimi, halafu nitakuuliza swali moja.

Nilikuwa na miaka kumi baba alipofariki. Alikuwa amekonda, akikaa lazima ainame mbele ndipo apate hewa. Mwaka uliofuata akafa Waitara, vile vile, akiwa ameinama. Ukoo ukaketi Itiryo, kwenye zizi la mzee Erasto. Wakasema wanaume wawili wa mji mmoja hawawezi kufa kwa kukosa pumzi, wakati hakuna homa wala jeraha, isipokuwa kuna mtu. Wakasema aliyewapikia wote wawili ni mama. Mama alisema hakufanya. Wakamuuliza, nani basi?

Tuliondoka asubuhi. Mama alibeba godoro, mimi nilibeba beseni lenye vyombo. Wewe ulikuwepo kwenye kile kikao. Ulikaa kwenye kigoda, mkono wa kulia wa Erasto, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma.

Swali langu ni hili. Ufunguo wa ile stoo ulikuwa na nani?

Nyangi


Nkende,
Tarime.
30 Agosti 1993

Mwanangu Nyangi,

Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa. Nilianza barua hii mara nne.

Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilikuwa mtunza stoo kuanzia mwaka 1954 mpaka mgodi ulipofungwa. Nilipata kazi ile kwa sababu nilisoma misheni mpaka darasa la sita. Sanduku la maski lilikuja mwaka wa kwanza, kutoka Nairobi. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo. Meneja alinipa niisome ili nijue jinsi ya kuzitunza. Iliandikwa kwamba vumbi la jiwe la dhahabu linakata mapafu, kwamba mtu hasikii chochote kwa miaka, halafu pumzi inaanza kufupika, na ikishaanza hakuna dawa. Niliisoma yote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Katika mgodi ule, mtu mweusi aliyejua jambo hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Meneja alisema wafanyakazi wakivaa maski watasimama kila mara kuvuta hewa na kazi itapungua. Lakini mkaguzi wa serikali alikuwa akija mara mbili kwa mwaka na alitaka kuziona. Basi siku ya ukaguzi kinu kilisimamishwa, ikasemwa kuna usafi. Mimi nilitoa maski kwenye makopo, nikazitundika kwenye misumari, kila moja chini ya jina lake. Yale majina niliyaandika mimi. Mkaguzi alihesabu ishirini na nne, akaandika, akanywa chai kwa meneja. Akiondoka narudisha kwenye makopo na kufunga. Nilifanya hivyo mara kumi na nne.

Mogesi aliniomba. Sitaki nikufiche hili, kwa sababu ndilo ninaloliota. Alikuja dirishani pa stoo, kope zake zikiwa nyeupe kama ulivyoandika, akasema, "Kisyeri, nipe moja hata kwa nusu siku, kifua kinaniwasha." Ilikuwa mwaka 1957, wewe ulikuwa umezaliwa mwezi ule. Nilimwambia, "Kesho." Kesho yake alikuja, nikamwambia meneja amezihesabu. Hakuja tena. Hakunikasirikia. Jumapili tulikula pamoja.

Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa na baiskeli ya kampuni na chumba cha peke yangu. Nilijiambia labda karatasi inatia chumvi, watu wamesaga mawe miaka yote na wanaishi.

Kwenye kikao cha Itiryo nilijua. Erasto alinigeukia akaniuliza, "Wewe uliyesoma, kuna ugonjwa wa namna hii?" Nilisema sijui. Kama ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa nimeujulia wapi. Nilimwona mama yako akiniangalia. Alikuwa akingoja niseme kitu, kwa sababu mimi ni shemeji yake na tulikuwa tunapatana.

Hayo ndivyo yalivyokuwa. Sina la kuongeza ambalo halitakuwa kujitetea.

Baba yako mdogo,
Kisyeri


Majengo ya Zamani,
Serengeti.
15 Septemba 1993

Baba mdogo,

Nakuamkia. Natumaini mama mdogo anaendelea vizuri.

Barua yako nilikaa nayo wiki moja bila kumwambia mtu. Halafu nilimsomea Verdiana, kwa sababu nilihitaji kusikia inavyosikika kwa sauti. Alikwenda kuchota maji.

Kuna habari za huku ambazo unapaswa kuzijua. Wanaume wawili wa maduara waliona karai zetu, wakaona tumeacha chumba cha kuyeyushia, wakasema tumewaachia wao. Mmoja alikuwa na maski ya jeshi yenye mkonga, ameinunua Sirari, mwenzake alijifunga shati. Walikwangua masizi ya lile bomba, wakayachoma humo humo ndani, mlango umefungwa ili watu wasione. Wa shati, Selestine, alitolewa jioni hajitambui, na akapelekwa Mugumu. Mwenye mkonga alitoka kwa miguu yake akijisifu. Baada ya siku nane mikono yake ilianza kutetemeka, ufizi ukavimba, sasa hawezi kushika kijiko. Selestine alifariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na mke mjamzito, tumemchangia nauli ya kumrudisha kwao.

Mimi ningeingia chumba kile. Nilikuwa nimeshakipangia siku. Sikuingia kwa sababu ya barua yako ya Juni. Sisi watano tuko hai kwa maneno yako. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na sitaki kuandika nusu ya kilicho kweli kama wewe ulivyofanya kwa miaka ishirini na mitano.

Nimejaribu kuona ni nini kinanisumbua zaidi. Baba angeweza kukataa maski hata kama ungempa. Labda joto lingemshinda. Wewe ulikuwa kijana na meneja alikuwa meneja. Hayo naweza kuyakunja nikayaweka mahali. Ninachoshindwa kukikunja ni kile kigoda. Siku ile meneja hakuwepo. Mgodi ulikuwa umefungwa miaka saba. Hakukuwa na baiskeli ya kunyang'anywa. Ilikuwa sentensi moja tu, na mama asingelala kwenye sakafu ya stendi ya Tarime na mimi nimelalia mapaja yake.

Sitaki uniombe msamaha kwenye karatasi. Nataka ufanye hivi. Nenda Itiryo. Erasto bado yuko hai, na wengi waliokaa siku ile wapo. Mwambie aite kikao, ritongo kamili kama lile la kwanza, kwenye zizi lile lile. Useme kwa mdomo wako yote uliyoniandikia, na usipunguze kwamba uliulizwa ukasema sijui. Ukimaliza, nenda Turwa ukamwambie mama. Mimi sitamwambia. Aliyenyamaza ni wewe.

Kama huwezi, usinijibu. Nitaelewa.

Kazi ya kinu tumemaliza. Nimebaki huku mpaka mwisho wa Oktoba kusaidia kuosha. Verdiana alipigwa picha. Daktari alisema kifua kina makovu ya homa ya popo lakini atapona, asirudi ndani. Amekubali.

Nyangi


Nkende,
Tarime.
11 Oktoba 1993

Mwanangu Nyangi,

Ni matumaini yangu u mzima na mwenzako Verdiana anapata nguvu. Hapa mama yako mdogo anatembea na fimbo. Amejua yote, nilimwambia kabla ya kwenda. Alinipikia chai ya safari, hakukaa nami kuinywa.

Nilikwenda Itiryo tarehe mbili. Erasto ni mzee sana, hasikii sikio moja, lakini akili ni timamu. Nilimwomba aite ritongo, akauliza ni la nini, nikamwambia atasikia pamoja na wengine. Walikuja watu kama thelathini. Wanaume kwenye vigoda zizini, wanawake walisimama karibu na ghala. Sikukaa.

Nilisema kwa Kikurya, na nilisema polepole ili Erasto asikie. Nilianza na karatasi iliyotoka Nairobi, nikamaliza na neno sijui. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani.

Mzee mmoja akasema vumbi haliui mtu, kila mkulima anakula vumbi. Nikamwambia habari za mapafu yanavyokatwa. Akasema mimi nimezeeka na nimechanganyikiwa. Mtoto mkubwa wa Waitara alisimama, akaja mpaka pale nilipokuwa, karibu kabisa. Nilidhani atanipiga na sikurudi nyuma. Akaniuliza, "Maski ya baba ilikuwa namba ngapi?" Nikasema, "Ya nane." Akatoka zizini akaenda zake. Mpaka naondoka Itiryo sikumwona tena.

Erasto aliniuliza, "Kwa nini unasema leo?"

Nikasema, "Kwa sababu nimeulizwa na mtoto wa Mogesi."

"Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nilidanganya."

Alichora chini kwa fimbo. Halafu akasema, mbele ya wote, kwamba ritongo lilimhukumu mwanamke asiye na kosa, na kwamba yeye ndiye aliyelitamka, hivyo aibu ni yake pamoja na yangu. Waliamua shamba la Mogesi upande wa mto lirudishwe kwa mama yako, na watu wanne wa ukoo waende Turwa kumwambia kwa heshima. Wanawake pale ghalani walianza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alilia, sikumtambua. Mimi niliambiwa nisikae tena kwenye kikao cha ukoo. Ni sawa.

Niliwaomba wale wanne wangoje siku mbili ili nitangulie.

Turwa nilikwenda kwa miguu kutoka Nkende, Jumanne saa nne asubuhi. Mama yako alikuwa nje, ameanika muhogo kwenye turubai na anaugeuza. Nilimwita, "Shemeji." Hakushangaa kuniona. Aliniletea kiti, nikasema nitasimama, naye akabaki amesimama.

Nilimwambia yote kama nilivyosema Itiryo, sikupunguza. Nilimwambia pia habari za dirisha la stoo na Mogesi. Alinisikiliza bila kunikatiza, ameshika kipande cha muhogo mkononi. Niliposema ulikuwa unafanya kazi kwenye jengo lile, na kwamba ulivaa maski inayofaa na umetoka mzima, alifumba macho kidogo. Sikuona njia ya kusema mengine nikaficha hilo. Utanisamehe au hutanisamehe.

Nilimwambia kuhusu shamba na wale wanne wanaokuja. Akasema, "Waje. Nitawapa maji. Itiryo sirudi."

Nikamwambia sijaja kuomba chochote. Akasema, "Vizuri."

Kisha akaniuliza ni lini hasa nilijua. Nikamwambia tangu mwaka 1954, kabla hajaolewa. Akahesabu kimya kimya, niliona midomo yake. Akasema:

"Mimi nilijua kwamba sikufanya. Nilijua kila siku. Ila miaka yote hiyo nilidhani najua peke yangu."

Akaweka kile kipande cha muhogo pamoja na vingine, akainama kuendelea kugeuza. Nilisimama mpaka akafika upande wa pili wa turubai. Nikaaga, akaitikia.

Baba yako mdogo,
Kisyeri